Nkoloso, mwalimu wa Lusaka aliyetaka kufika Mirihi kabla ya Wamarekani

NIBOYE, Kigali – Lori linalotoka Niboye, wilayani Kicukiro, likavuka Rusumo na kuikata Tanzania hadi Tunduma, huingia Zambia kupitia Nakonde. Kutoka hapo barabara huelekea kusini, hupita Mpika na Kapiri Mposhi, kisha hufika Lusaka. Wafanyabiashara wa kanda hii wanaijua Lusaka kwa masoko yake na kwa ofisi kuu za COMESA. Mwaka 1964 jiji hilo lilijulikana duniani kwa jambo jingine. Katika shamba moja nje ya mji, vijana wa Kiafrika walikuwa wakifundishwa kwenda mwezini, na baada ya mwezi waende Mirihi, sayari nyekundu ambayo Wazungu huiita Mars.

Mwalimu wao aliitwa Edward Mukuka Nkoloso. Aliamini kwamba Mirihi ina watu, kwamba yeye amekwisha kuwaona kwa darubini, na kwamba Zambia inaweza kuwafikia kabla ya Marekani na Urusi. Wanasayansi hawakukubaliana naye. Waandishi wa Ulaya na Marekani walimcheka, na kicheko hicho kimeishi kuliko yeye mwenyewe. Ila ukifuatilia maisha yake kutoka mwanzo, unakuta mambo ambayo waliomcheka hawakuyaandika.

Mwanafunzi wa misheni, askari wa Mfalme

Nkoloso alizaliwa mwaka 1919 kaskazini mwa nchi ambayo Waingereza waliiita Rhodesia ya Kaskazini, katika eneo wanalozungumza Kibemba. Alisoma katika shule za wamisionari Wakatoliki, na huko alijifunza Kilatini na mambo ya dini. Elimu hiyo ilikuwa adimu. Watoto wengi wa rika lake hawakuona darasa kabisa, na waliobahatika waliishia madarasa ya chini.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta akiwa kijana, akaingizwa jeshini. Alitumikia Kikosi cha Rhodesia ya Kaskazini, upande wa mawasiliano, akafikia cheo cha sajini. Kikosi hicho kilipelekwa Somalia, Madagaska na Burma, kama vile vikosi vya Kenya, Uganda na Tanganyika vilivyopelekwa mbali kupigania taji la Uingereza. Askari wa mawasiliano alishika redio na kujua kwamba sauti inaweza kusafiri hewani bila waya. Kwa mtu aliyependa sayansi, jeshi lilikuwa shule nyingine.

Vita vilipokwisha, askari Waafrika walirudi nyumbani wakakuta mambo ni yale yale: kodi, amri za mkuu wa wilaya, na milango ya nyuma kwenye maduka ya Wazungu. Nkoloso alikuwa mwalimu, akataka kuendesha shule yake mwenyewe. Serikali ya kikoloni ilimzuia. Baada ya hapo akaingia katika siasa kwa nguvu zote.

Mwaka 1953 Waingereza waliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho moja, ambalo Waafrika wengi walilikataa kwa sababu liliwapa walowezi nguvu zaidi. Mwaka 1957 wilaya ya Luwingu, kaskazini mwa nchi, ilichafuka. Nkoloso alikuwa mmoja wa viongozi waliowahimiza wananchi wasitii amri za serikali. Alikamatwa, akapigwa, akafungwa. Watu waliomjua walisema kipigo kile kilimwachia madhara, na baadhi yao walikitumia baadaye kueleza ndoto zake za anga. Wengine walisema akili yake ilikuwa timamu siku zote.

Alipotoka kifungoni alijiunga na UNIP, chama cha Kenneth Kaunda, akaendelea na kazi za harakati hadi uhuru.

Pipa, bembea na paka wawili

Uhuru ulipokaribia, Nkoloso alitangaza kuwapo kwa chuo alichokiita Chuo cha Taifa cha Sayansi, Utafiti wa Anga na Falsafa, yeye akiwa mkurugenzi. Hakikuwa na majengo ya maana wala maabara. Kilikuwa na shamba lililo kama maili saba kutoka Lusaka, vijana kama 12, na yeye mwenyewe, aliyependa kuvaa kofia ya chuma ya askari na joho.

Mafunzo yalifanyika hadharani, na wapiga picha wa televisheni walikuja kuyaona. Kijana aliingizwa ndani ya pipa la mafuta, lile la lita 200, akabiringishwa kwenye mteremko ili azoee misukosuko ya safari. Mwingine alipanda bembea ya kamba ndefu, na ilipofika juu kabisa kamba ilikatwa ili aonje hali ya kuelea. Walifundishwa pia kutembea kwa mikono, kwa sababu Nkoloso aliamini kwamba ndivyo mtu atakavyolazimika kutembea mwezini.

Hili la mwisho halikuwa na msingi wowote. La bembea lilikuwa nao. Mtu anayeanguka huru hahisi uzito wake mpaka agote chini, na hata shirika la anga la Marekani, NASA, lilitumia kanuni hiyo hiyo: ndege ilipanda kisha ikashushwa kwa mpindo maalumu, na wanaanga waliokuwa ndani wakaelea kwa sekunde 25 hivi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na ndege.

Roketi ya Lusaka ilipewa jina D-Kalu 1, kwa heshima ya Kaunda. Ilikuwa chombo chenye umbo la pipa, cha alumini na shaba, urefu wa futi 10 na upana wa futi 6. Msichana wa miaka 17, Matha Mwambwa, ndiye aliyechaguliwa kwenda Mirihi, pamoja na paka wawili na mmisionari. Nkoloso alitaka chombo kirushwe kutoka Uwanja wa Uhuru siku ile ile ya uhuru, Oktoba 24, 1964. Hakuruhusiwa. Aliomba pauni milioni 7 kutoka UNESCO, hazikuja. Serikali mpya nayo haikuuchukua mradi ule kuwa wake.

Aliandika gazetini akiwalaumu wapelelezi wa Marekani na Urusi, akisema wanataka kumwiba Matha na paka, na akapendekeza watiwe kizuizini bila kesi. Wasomaji wa Zambia, ambao miaka michache nyuma waliwaona viongozi wao wakitiwa kizuizini bila kesi na Waingereza, waliyaelewa maneno hayo kwa namna ambayo mhariri wa New York hakuweza.

Watu wa Mirihi

Katika makala hiyo hiyo alieleza imani yake juu ya sayari ile. Alisema yeye na wenzake wameichunguza Mirihi kwa darubini kutoka makao yao ya siri, wakaridhika kwamba inakaliwa na watu wasioendelea. Mmisionari angefungua kanisa huko, lakini alionywa asiwalazimishe wenyeji kuwa Wakristo iwapo hawataki.

Kwa sayansi ya wakati ule, dai la kuona watu lilikuwa haliwezekani. Hata Mirihi inapokuwa karibu kabisa na dunia, iko umbali wa kilomita milioni 55 hivi, na kwa jicho la mtazamaji ina ukubwa wa sarafu iliyowekwa mita 200 mbele yake. Darubini kubwa kuliko zote za mwaka 1964 zilionyesha duara jekundu lenye madoa meusi na weupe kwenye ncha. Hakuna aliyekuwa na chombo cha kuona mlima, sembuse mtu.

Lakini Nkoloso hakuwa wa kwanza kuijaza Mirihi watu, na waliomtangulia hawakuwa maskini. Mwaka 1877 mwanaanga wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari aliyodhani anaiona kwenye sayari hiyo. Aliiita kwa neno la Kiitaliano ambalo laweza kumaanisha mkondo wa asili au mfereji wa kuchimbwa. Katika lugha ya Kiingereza likashika maana ya pili, na penye mfereji watu wakaanza kumtafuta mchimbaji.

Tajiri mmoja wa Boston, Percival Lowell, alilivalia njuga jambo hilo. Mwaka 1894 alijenga kituo cha darubini Flagstaff, Arizona, kwa pesa zake mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20, hadi kifo chake mwaka 1916, aliandika vitabu na kutoa mihadhara akisema kwamba Mirihi inakauka, na kwamba viumbe wenye akili wamechimba mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye barafu ya ncha. Wenzake wengi walimpinga. Mwaka 1907 Alfred Russel Wallace, aliyegundua pamoja na Charles Darwin jinsi viumbe wanavyobadilika, alionyesha kwa hesabu kwamba sayari ile ina baridi mno kwa maji kutiririka. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, akitumia darubini kubwa ya Meudon nchini Ufaransa, aliona mistari ile ikivunjika na kuwa madoa yasiyo na mpangilio.

Hata hivyo mifereji haikufutika haraka. Ramani ya Mirihi iliyochapishwa na Jeshi la Anga la Marekani mwaka 1962, miaka miwili tu kabla ya makala ya Nkoloso, bado ilikuwa na mistari hiyo. Lowell alikosea kwa vitabu na mihadhara, na kituo chake kinaheshimiwa mpaka leo. Nkoloso alikosea kwa ukurasa mmoja wa gazeti, akaitwa mwendawazimu.

Picha 21 na kipande

Jibu la kisayansi lilipatikana upesi kuliko wengi walivyotarajia. Novemba 28, 1964, siku 35 baada ya bendera ya Zambia kupandishwa, Marekani ilirusha chombo kisicho na mtu kilichoitwa Mariner 4. Kilisafiri miezi saba na nusu. Julai 14, 1965 kilipita umbali wa kilomita 9,800 hivi kutoka Mirihi, kikapiga picha 21 na kipande cha ile ya 22. Redio yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba picha moja ilichukua zaidi ya saa nane kufika duniani.

Picha zilionyesha nchi kavu yenye mashimo ya vimondo, kama uso wa mwezi. Mifereji haikuwepo, wala miji. Vipimo vya redio vilionyesha kwamba hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, chini ya sehemu moja ya mia ya hewa ya dunia. Binadamu akivua kofia yake pale hafiki dakika chache. Siku ile Mirihi ya Lowell na Mirihi ya Nkoloso zilikufa pamoja, kwa kipimo kimoja.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo waliomcheka Nkoloso waliichanganya. Imani yake juu ya Mirihi ilikuwa na kosa, na kosa hilo lilithibitishwa na mashine iliyokwenda kupima. Kicheko kilianza kabla ya kipimo chochote. Kililenga pipa, joho, na wazo lenyewe kwamba Mwafrika wa nchi yenye siku chache tangu ipate uhuru anaweza kuizungumzia sayari. Jarida la TIME lilipoandika habari za uhuru wa Zambia mwezi ule wa Oktoba, lilipata nafasi ya kumtaja Nkoloso na safari yake. Mwafrika mwingine aliyetaka kusema jambo zito juu ya anga alikuwa na kibarua cha kwanza, kuonyesha kwamba yeye si Nkoloso.

Hesabu ya pesa

Wafanyabiashara wanajua kwamba wazo bila mtaji hubaki wazo. Pauni milioni 7 alizoomba Nkoloso, kwa kiwango cha wakati ule cha dola 2.80 kwa pauni, zilikuwa kama dola milioni 19.6. Mradi wa Apollo, uliowafikisha Wamarekani mwezini Julai 1969, uligharimu zaidi ya dola bilioni 25. Yaani Marekani ilitumia zaidi ya mara 1,000 ya kiasi ambacho mtu wa Lusaka alikidhania kuwa kinatosha kufika mbali zaidi.

Upungufu haukuwa wa pesa peke yake. Zambia ilipopata uhuru ilikuwa na wazawa kama 100 tu waliomaliza chuo kikuu, baada ya miongo ya utawala wa Waingereza na utajiri mkubwa wa shaba uliochimbwa Copperbelt na kupelekwa nje. Haikuwa na chuo kikuu chake. Chombo kinachotaka kuondoka duniani moja kwa moja kinahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde, na mwendo huo hutokana na mafuta maalumu, vyuma maalumu na maelfu ya mafundi. Kwenye shamba la Nkoloso palikuwa na pipa na nia.

Mradi ulikwisha kimyakimya. Pesa hazikuja, vijana walitawanyika, na Matha alipata ujauzito, akarudi kwa wazazi wake. Nkoloso alilalamika kwamba wanafunzi wake wanapenda mapenzi kuliko mwezi.

Mzaha, kificho au imani?

Swali la nini hasa alikuwa akikifanya linaendelea kujadiliwa. Wapo wanaosema aliamini kila neno. Wapo wanaosema alikuwa akiwakejeli wakoloni: mmisionari anayeonywa, wenyeji wasioendelea wanaopelekewa ustaarabu, bendera inayosimikwa kwenye ardhi ya wengine. Ukibadilisha Mirihi ukaweka Afrika, unapata historia ya karne ya 19. Wengine wanasema mafunzo ya shambani yalikuwa kificho cha kuwaandaa vijana kwa mapambano, katika nchi iliyopakana na Angola, Msumbiji na Rhodesia ya Kusini, zote zikiwa bado chini ya Wazungu. Mwandishi wa Zambia, Namwali Serpell, aliyemtafiti na kumwingiza katika riwaya yake ya mwaka 2019, amezipa maelezo ya kejeli na ya kificho uzito mkubwa.

Maisha yake ya baadaye yanaonyesha kwamba serikali haikumwona kama mtu wa kuchezewa. Kaunda alimpa kazi katika Kituo cha Ukombozi wa Afrika, Lusaka, jiji lililowahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia na Zimbabwe. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayeaminika na siri. Akiwa mzee alijiandikisha Chuo Kikuu cha Zambia, kilichofunguliwa mwaka 1966, akahitimu sheria mwaka 1983. Alikuwa na umri wa miaka 64 hivi.

Alifariki Machi 4, 1989, akazikwa kwa heshima za taifa. Hakuwahi kusema hadharani kwamba mpango wa Mirihi ulikuwa mzaha.

Anga ya kanda hii

Miaka sita baada ya jaribio la Lusaka, Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jina lilichaguliwa kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Ilifanya kazi kubwa ya kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei. Lakini setilaiti ilikuwa ya Marekani na jukwaa lilikuwa la Waitaliano. Kenya ilitoa bahari na jina.

Nchi za kanda zimeanza kuwa na vyombo vyao hivi karibuni tu, navyo ni vidogo. Rwanda ilipeleka RWASAT-1 mwaka 2019, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Tokyo kwa ajili ya taarifa za kilimo. Uganda ilifuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, na Kenya na Taifa-1 mwaka 2023. Zote zilirushwa kwa roketi za nje ya Afrika. Hakuna iliyolenga Mirihi, na zote zimejengwa juu ya vipimo ambavyo Nkoloso hakuwa navyo.

Pengo aliloliona bado lipo. Tangu mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinafuatilia kwa pamoja mizigo inayopita kanda hii kwa lakiri za kielektroniki zinazofungwa kwenye makontena. Lakiri hujua lori liko wapi kwa kusikiliza setilaiti zilizo juu. Mitambo ya setilaiti za kuonyesha mahali duniani kote ni minne: wa Marekani, wa Urusi, wa Ulaya na wa China. Wa Afrika haupo.